Siku ya Kuwinda Bata katika Bonde la Rufiji

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twapenda mwezi huu kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa vijana, habari za siku tatu tulizozipitisha katika Bonde la Rufiji zamani za ujana wetu, tulipokwenda kuwinda bata. Huenda mtu akauliza: habari za bata zina faida gani kwa watu wa nyumbani wasio na bunduki wala mtumbwi? Twamwomba avumilie kidogo. Kila mmoja wetu huchagua siku: siku ya safari, siku ya kupanda mbegu, siku ya kuanika mpunga, siku ya kuoza mwana. Na namna mtu achaguavyo siku yake huonyesha anamtegemea nani, na kama anaitumia akili aliyopewa au ameiweka kando.

Mto Rufiji ni mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania. Hukusanya maji ya Kilombero, ya Ruaha Mkuu na ya Luwegu, ukapita katika korongo jembamba la mawe, kisha ukafunguka katika nchi tambarare na kwenda polepole mpaka Bahari ya Hindi, ambako huingia kwa milango mingi yenye misitu ya mikoko, kukabili kisiwa cha Mafia. Katika nchi hiyo tambarare wenyeji hulima mpunga na kuvua samaki. Wengi wao ni Waislamu, na ni nadra kufika kijiji cha huko usisikie adhana. Mvua za masika zikikaza, mto huvuka kingo zake na kulifunika bonde. Na maji yakirudi, huacha nyuma yake maziwa yaliyotapakaa huku na huku, kama Ruwe, Uba na Zumbi, yenye matete na mafunjo pembezoni.

Bata wa bonde hilo hufuata maji. Wakati wa mafuriko hutawanyika kila mahali, na wengi hutaga na kulea makinda yao majanini. Wakati huo mwenye busara hawawindi, kwani amwuaye mama huua na walio kiotani. Lakini ifikapo mwezi wa Agosti na Septemba, nchi imekauka, madimbwi madogo yamekwisha, na bata wote hukusanyika katika maziwa yaliyobaki. Wako wakubwa weusi wenye mwiba katika kiungo cha bawa. Lakini walio wengi ni wale wadogo wenye uso mweupe, ambao wakiruka hupiga mbinja, ukadhani watoto wanaitana. Hawa usiku huenda kula katika majaruba, hata yaliyokwisha kuvunwa, na alfajiri hurudi ziwani kupumzika.

Sisi tulifika Ikwiriri siku ya Jumapili, tarehe 1 Septemba 1991, katika kumi la mwisho la mwezi wa Safar mwaka 1412 wa Hijra, mwezi ambao Waswahili twauita Mfunguo Tano. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Siku zile magari ya kwenda kusini yalivuka mto kwa pantoni pale Ndundu, na msafiri aliyechelewa alilala ng'ambo hii. Sisi hatukuwa na haja ya kuvuka. Tulishuka na binamu yetu, tukaenda kwa miguu mpaka kijijini kwa mjomba wetu, ambaye alikuwa mkulima, mvuvi, na mwadhini wa msikiti wa kijiji. Alikuwa na gobori lake lenye kibali cha serikali, na ruhusa ya kuwinda ndege, akizihifadhi karatasi zote mbili ndani ya mkebe wa chai pamoja na cheti chake cha ndoa.

Jumatatu kulipopambazuka upepo wa kusi ulikuwa mkali. Mbingu ilifunikwa na wingu zito, na rasharasha ilikuwa ikipita na kurudi. Tuliposimama ukingoni mwa ziwa tuliona jambo ambalo hatukupata kuliona: bata makundi kwa makundi, wakiruka chini chini juu ya matete, wasitulie mahali pamoja. Furaha ikatujaa. Tukamwambia mjomba kwamba siku ndiyo hii. Yeye alilitazama ziwa, akayatazama majani jinsi yalivyolala, akasema, "Wapwa zangu, leo bata ni wengi, lakini si siku ya bata." Hatukumfahamu. Tulimsihi sana, tukamkumbusha kwamba mkaza mjomba amekwisha kusaga bizari na kukuna nazi kwa ajili yetu sisi wageni. Akaona haya kutuvunja moyo, akakubali.

Gobori, kwa msomaji asiyelijua, ni bunduki ya kizamani. Baruti na marisasi hutiwa kwa mdomoni na kushindiliwa kwa fimbo, na mlio hutokana na fataki ndogo iwekwayo nyuma. Unyevu ni adui yake. Mjomba aliifunika fataki kwa kipande cha ngozi, lakini rasharasha ilimshinda. Kundi la kwanza lilitupita karibu kabisa, akafyatua, pakasikika "ta!" tu kama kijiti kilichovunjika. Akabadilisha fataki, tukangoja. Kundi la pili lilipokuja bunduki ililia, na bata wawili wakaanguka majini.

Hapo ndipo tulipofahamu maana ya maneno yake. Bata walianguka mbali kidogo, na upepo ukaanza kuwachukua. Tuliusukuma mtumbwi kwa upondo, lakini mawimbi yalitupiga ubavuni, mtumbwi ukawa wazunguka kama pia. Mjomba alikuwa amekishika kisu, macho yake hayaondoki majini, si kwa ajili ya bata tu, bali na kwa ajili ya mamba, maana ziwa lile lina mamba na viboko. Tulipomfikia bata wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, kichwa kimezama. Wa pili aliingia katika matete, tukamtafuta mpaka jua likapanda, tusimwone. Mjomba alimwinua yule mmoja kwa bawa, akamtazama sana, kisha akamwachilia majini tena.

Tulinung'unika. Bata alikuwa mnene, na jeraha lake lilikuwa laonekana wazi. Mjomba hakutukaripia. Jioni, tulipokuwa tumekaa barazani tukila ugali kwa mchicha, na ile nazi iliyokunwa imeingia katika mchicha, alitueleza. Alisema kwamba Adiyy bin Hatim, sahaba aliyekuwa mwindaji, na mwana wa yule Hatim aliyesifika kwa ukarimu katika Waarabu, alimwuliza Mtume (S.A.W.) mambo mengi ya uwindaji. Miongoni mwa majibu aliyopewa ni kwamba amtajapo Mwenyezi Mungu na kuupiga mshale wake, akamkuta mnyama amekufa kwa mshale huo, na ale. Ila akimkuta ameanguka majini asile, kwa kuwa hajui kilichomwua ni mshale au ni maji. Kisha mjomba akaongeza kwamba marisasi ya gobori si mshale. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya mnyama aliyekufa kwa risasi: wako walioruhusu, kwa kuwa risasi hutoboa na kupenya, lakini katika madhehebu yetu ya Imam Shafii tuliyolelewa nayo, aliyekufa kwa pigo la risasi kabla ya kuchinjwa haliwi. Kwa hiyo yeye alijiwekea sharti: bata asiyemwahi yu hai akamchinja kwa kisu, huyo si wake.

"Basi sasa mwaelewa," alisema. "Mwindaji asiyejali hutazama mbingu ili ajue bata watakuja wangapi. Mimi natazama mbingu ili nijue nitawafikia wangapi nao wangali hai. Upepo mkali huleta bata wengi chini, kweli; lakini huwachukua waliojeruhiwa, hutikisa mtumbwi, na hutikisa mkono. Kiumbe chenye roho kikafa bure, na sisi tukabaki na mchicha."

Maneno hayo yalituingia. Tulikumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Wale bata wawili wa Jumatatu walikuwa wamekufa kwa sababu ya haraka yetu. Mjomba ndiye aliyefyatua, lakini sisi ndio tuliomsihi.

Jumanne upepo ulikufa kabisa. Mbingu ilikuwa nyeupe, ziwa limetulia kama kioo. Sisi, kwa kuwa tulikwisha kuonywa juu ya upepo, tulidhani siku imepatikana. Mjomba alitupeleka ukingoni bila bunduki, akatuketisha nyuma ya kichaka. Bata walirudi kutoka majarubani wakiwa juu sana, wakazunguka mara mbili tatu, wakatua katikati ya ziwa mbali na kila jani. Binamu yetu alipogusa upondo uliokuwa mtumbwini, sauti yake ndogo ilikwenda ng'ambo ya pili, na kundi zima likainua shingo. Mjomba akasema kwamba siku ya kimya na jua kali bata huona mbali na husikia mbali. Na gobori halifiki mbali. Atakayefyatua siku hiyo atafyatua kwa tamaa, akajeruhi asiue, na bata akaenda kufa mahali asipoonekana.

Tukamwuliza, basi siku yenyewe ni ipi? Akatuambia sifa zake. Kwanza, upepo uwe mwembamba, wa kutikisa ncha za matete bila kuyalaza. Bata atakapo kutua huukabili upepo, kwa kuwa upepo wa mbele humpunguzia mwendo, kama vile mwenye ngalawa ashushavyo tanga kabla ya kufika pwani. Basi mwindaji huketi upepo ukiwa mgongoni mwake, na bata humjia usoni. Huku kwetu upepo wa kusi ukiwa mgongoni, uso wako u upande wa kaskazini, ambako ndiko Qibla chetu. Hivyo hata wa kumchinja humgeuzi mbali. Pili, pawe na wingu jepesi, ili bata wasije juu sana na jua lisiwe machoni. Tatu, pasiwe na ukungu mzito, kwa maana ukungu huficha aliyeanguka, na huficha mamba pia. Nne, pawe pakavu, kwa ajili ya baruti. Na tano, maji ya ukingoni yawe haba, ili bata aangukiaye pale afikiwe kwa hatua chache. "Jioni ya leo," alisema akinusa hewa, "upepo wa baharini umechelewa kuja na umekuja kidogo. Nadhani kesho itakuwa siku. Mungu ndiye ajuaye."

Lakini kesho yake ilikuwa Jumatano, nayo ilikuwa Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar. Wasomaji wetu wa pwani wajua jinsi siku hiyo ilivyoogopwa na wengi. Baada ya sala ya Isha jirani mmoja, mzee aliyeheshimiwa, aliyekuwa na kitabu cha nyota alichokirithi kwa babu yake, alikuja barazani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akamwambia mjomba kwa upole, "Ndugu yangu, nasikia kesho waenda ziwani na watoto wa watu. Kesho ni siku ya nuhsi. Mimi singemtoa hata mbuzi wangu nje ya zizi. Ngoja Alhamisi."

Tulimtazama mjomba, na tukikiri kweli, mioyo yetu ilitetemeka. Maana tulikuwa tumelizoea neno hilo tangu utotoni, na ziwa lile lilikuwa na mamba. Mjomba alimkaribisha mzee kahawa kwanza. Kisha akasema kwamba Waarabu wa zama za ujinga, mtu alipotaka kusafiri alimfukuza ndege na kumtazama: akiruka kuume alifurahi akaenda, akiruka kushoto alirudi nyumbani. Ndiyo maana kuamini kisirani kukaitwa kwa Kiarabu *tiyara*, neno litokanalo na jina la ndege. Mtume (S.A.W.) akalikanusha jambo hilo, na katika hadithi hiyo hiyo akakanusha waliyoyadhani watu juu ya mwezi wa Safar. "Itakuwaje," alisema mjomba akicheka kidogo, "Mtume atukataze kuagua kwa ndege na kwa Safar, na mimi niache kwenda kwa ndege kwa ajili ya Safar? Ndugu yangu, kesho upepo ukiwa mkali sitakwenda, na baruti ikiloa sitakwenda. Hizo ni sababu alizoziumba Mungu, na nimepewa macho ya kuziona. Lakini Jumatano haijapata kuutikisa mtumbwi wangu."

Mzee hakukasirika. Alimaliza kahawa yake, akatuombea dua ya salama, akaenda zake. Nasi tukajifunza adabu ya kupingana na mkubwa bila kumvunjia heshima.

Jumatano tulisali Alfajiri msikitini, tukatoka. Upande wa mashariki mwezi ulikuwa umebaki kama ukucha. Ncha za matete zilikuwa zikitikisika polepole, na wingu jembamba limetanda. Mjomba alichagua mahali penye maji ya magotini, ambapo aliwahi kupachunguza kwa mti kwanza kwa kuogopa mamba, akaketi upepo ukiwa mgongoni. Tukasikia mbinja zao kabla hatujawaona. Wakaja chini, miguu imenyoshwa mbele, tayari kutua. Mjomba akasema Bismillahi, akafyatua mara moja tu. Wawili wakaanguka hatua kumi hivi kutoka tulipokuwa. Binamu yetu na sisi tuliruka majini, tukawashika wakingali wakipiga mabawa, na mjomba akawaelekeza Qibla na kuwachinja kwa kisu kikali, kwa haraka, asiwatese. Kundi jingine likapita juu yetu. Tulimwomba apige tena. Akasema, "Riziki ya leo imetosha," akalifuta gobori lake.

Nyumbani tulikuwa watu tisa kwa bata wawili wadogo, basi mchuzi ulikuwa mwingi na nyama kidogo. Mjomba alimtuma binamu yetu kumwita yule mzee jirani. Akaja, akala, akausifu mchuzi wa mkaza mjomba, wala hakuna aliyemkumbusha Jumatano. Baada ya chakula sisi ndio tuliouliza: kama tungalirudi mikono mitupu leo, je, mzee asingalisema kwamba ni nuhsi? Mjomba akajibu kwamba angalisema. Na kwamba sisi tungalipaswa kusema kuwa tulitazama vizuri, tukajitahidi, na Mungu hakutuandikia. Mtu akitazama sababu zake vizuri, hata akikosa, kesho atajua zaidi. Akiilaumu siku, hajifunzi kitu.

Miaka mingi imepita, na mjomba amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mambo ya bonde nayo yamebadilika. Katika lile korongo la juu limejengwa Bwawa la Nyerere, lililoanza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022. Na mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizifunika nyumba na mashamba huko Rufiji na Kibiti. Mwenye kuijua desturi ya maji ya zamani hana budi kujifunza upya. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka leseni kwa kila awindaye, na silaha nayo ina sheria yake ya mwaka 2015; kwa hiyo kijana asije akasoma habari hizi akachukua gobori la babu na kuingia ziwani. Kutii sheria iliyowekwa kwa maslahi ya viumbe na ya watu ni katika dini. Tena siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza kila siku habari za upepo na mvua, na kuisikiliza si kupunguza kumtegemea Mungu, kama vile kunusa hewa kwa mjomba hakukumpunguzia kitu.

Katika Suratul Baqara tumeambiwa kwamba katika kugeuzwa pepo na mawingu mna ishara kwa watu wenye akili. Na katika Suratul Mulk tumeelekezwa tuwatazame ndege walio juu yetu, ambao hakuna awashikiliaye angani ila Mwingi wa Rehema. Tumeamrishwa kutazama. Hatukuamrishwa kuogopa jina la siku.

Nasi tungali twafundisha watoto wa madrasa, na kila mwaka ufikapo mwezi wa Safar huja mzazi mmoja au wawili kutaka watoto wao wasitoke Jumatano ile. Huwakaribisha kahawa kwanza, kama alivyofanya mjomba, ndipo tukawasimulia habari za bata wawili tuliowapoteza Jumatatu, siku isiyoogopwa na mtu, na bata wawili tuliowala Jumatano.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wabillahi tawfiq.